Vita vya Kagera: Nani Aliulizwa?

Ndugu msomaji, kuna kijiwe kimoja cha kahawa huku Magomeni ambapo mimi na wenzangu wawili tunapenda kukaa jioni, kila mtu na daftari lake kwapani. Tunajiita waandishi. Kusema kweli tunakunywa kahawa na kutafuna kashata kuliko tunavyoandika, lakini tunajipa moyo kwamba mwanzo ndio huo huo.

Jioni moja ya mwaka 2025 ubishi ulikuwa mkali. Mji wa Goma ulikuwa umeanguka mikononi mwa waasi wa M23 mwezi Januari, na askari wetu walikuwa huko mashariki ya Kongo katika kikosi cha nchi za SADC, pamoja na wenzao wa Afrika Kusini na Malawi. Kijana mmoja fundi simu akasema, "Kwani Kongo kwetu? Warudi walinde mpaka wao!" Mwingine akamjibu kwamba nyumba ya jirani ikiwaka moto huwezi kujifunika shuka ukalala. Wa tatu akaleta habari za madini. Basi ikawa kelele tupu, kila mtu jenerali.

Mzee anayetuuzia kahawa alikuwa kimya akisuuza vikombe. Alipomaliza akasema taratibu, "Wanangu, mnabishana kama vile kuna mtu kawauliza. Sisi wa Kagera hatukuulizwa. Tulikwenda."

Mwezi Machi mwaka huo huo wakuu wa SADC waliamua kukiondoa kikosi kile, na ubishi wa kijiweni ukarudi kwa Simba na Yanga. Lakini neno la mzee halikunitoka kichwani. Hatukuulizwa, tulikwenda. Je, mtu anayekwenda bila kuulizwa amekubali au hakukubali? Na taifa zima likienda hivyo, tutasema wananchi walikuwa na maoni gani? Swali hilo ndilo lililonifanya nikae chini kuandika makala haya.

Hebu turudi nyuma kidogo, maana Kagera haikuanzia Kagera.

Tarehe 20 Januari 1964, usiku wa manane, askari wa kambi ya Colito, ile tunayoiita Lugalo leo, waliasi. Walitaka mishahara bora na walitaka maofisa wa Kiingereza waondoke. Tanganyika ilikuwa na uhuru wa miaka miwili tu, na jeshi lake lilikuwa la kurithi kwa mkoloni, kama koti la marehemu ambalo hukupimiwa wewe. Mjini Dar es Salaam maduka yakaporwa na watu wakapoteza maisha. Tarehe 25 Januari makomando wa Kiingereza, walioombwa na Serikali yetu wenyewe, walishuka wakawanyang'anya waasi silaha. Fikiria aibu ile! Nchi huru inamwita mtawala wa jana aje kuilinda dhidi ya askari wake yenyewe. Mwalimu Nyerere aliitisha kikao cha OAU mwezi Februari, na baadaye askari wa Nijeria wakaja kushika nafasi ya Waingereza.

Tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa jeshi jipya, na vijana wengi wa kwanza walitoka Umoja wa Vijana wa TANU. Likaitwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Soma jina hilo tena polepole. Nchi nyingi jeshi ni la mfalme, au la taifa, au la ulinzi tu. La kwetu likaandikwa kuwa ni la wananchi. Sasa mtu mwenye mali si huulizwa mali yake inapotumika?

Mara moja kijana wa Tanzania alijaribu kujibu swali hilo kwa sauti kubwa, na matokeo yake mnayajua. Jeshi la Kujenga Taifa lilianzishwa 1963 kwa kujitolea. Mwaka 1966 Serikali ikaamua liwe la lazima kwa wahitimu wa Chuo Kikuu na shule za juu. Muda wake ulikuwa miaka miwili, na sehemu kubwa ya muda huo mhitimu angefanya kazi yake ya kawaida huku akipokea asilimia 40 tu ya mshahara. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wakavaa majoho yao wakaandamana hadi Ikulu. Bango moja lilisema afadhali wakati wa ukoloni. Jamani! Miaka mitano baada ya uhuru, mbele ya Nyerere! Mwalimu aliwaka. Palepale alitangaza kwamba anapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na wanafunzi karibu 400 wakafukuzwa chuoni na kurudishwa makwao. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha.

Mimi sipendi kuwatetea wale wanafunzi moja kwa moja. Mkulima aliyewasomesha kwa kodi ya pamba yake alikuwa na haki ya kuwauliza, "Ninyi asilimia 40 yenu ni ngapi, na yangu ni ngapi?" Lakini tukio lile liliacha jambo lingine ambalo halizungumzwi. Kizazi kile kilijifunza kwamba kwenye mambo ya ulinzi ukisema "hapana" unafungishwa virago. Na asiyeweza kusema "hapana" bila kuumia, "ndiyo" yake utaipima kwa mizani gani?

Tusidhani kwamba siasa ya nje ya wakati ule ilikuwa ya viongozi peke yao. Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikaa Dar es Salaam tangu 1963 hadi ilipovunjwa 1994. Tarehe 15 Desemba 1965 Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu ya Rhodesia, na hapo tukapoteza mkopo wa pauni milioni 7.5. Wapigania uhuru wa Msumbiji walifundishwa Kongwa na Nachingwea. Februari 1969 Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa hapa hapa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi. Watu wa kusini, kandokando ya mto Ruvuma, walipokea wakimbizi wakagawana nao muhogo. Babu yangu mzaa mama, ambaye ni mtu wa Kilosa, ananiambia kwamba Wasauzi wa ANC walipokuja kujenga shule yao Mazimbu, Morogoro, wenyeji waliwazoea kama majirani, wakazikana na kuoana.

Kwa hiyo watu walikuwa na msimamo. Haukuandikwa kwenye kura, ila mtu aliuonyesha kwa kumkaribisha mgeni ndani ya nyumba yake. Nami nakiri kwamba hayo ni maoni ya umma pia, pengine yenye uzito kuliko alama ya vema kwenye karatasi.

Sasa tuje Kagera.

Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin alimpindua Milton Obote, ambaye alikuwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola. Nyerere alimpokea Obote na akakataa kumtambua Amin. Mwaka huo huo TANU ilitoa Mwongozo, na mojawapo ya mambo yake lilikuwa kwamba ulinzi ni kazi ya umma wote. Ndipo mgambo ikashika kasi: karani, mkulima, fundi cherehani, wote wakajifunza gwaride na kushika bunduki. Septemba 1972 wafuasi wa Obote walivuka kutoka Tanzania kwenda kumng'oa Amin wakashindwa vibaya. Mwezi uliofuata, kwa upatanishi wa Siad Barre, nchi mbili zikakubaliana Mogadishu kwamba kila moja irudishe majeshi yake kilomita 10 kutoka mpakani. Hiyo ilikuwa amani ya kukaziana macho.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia na kuteka eneo lote la kaskazini ya mto Kagera, kilomita za mraba karibu 1,800. Tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba eneo lile ni lake. Daraja la Kyaka likavunjwa. Raia wakauawa, maelfu wakakimbia na watoto mgongoni, ng'ombe wakaswagwa, kiwanda cha sukari kikaporwa. Tarehe 2 Novemba Nyerere alisimama katika ukumbi wa Diamond Jubilee akaliambia taifa kwamba sababu ya kumpiga tunayo, uwezo wa kumpiga tunao, na nia ya kumpiga tunayo. Maneno yale hata mtoto wa leo anayajua, japo wengi tunayatumia kwa utani, hasa siku ya mechi.

Kumbuka, ndugu msomaji, kwamba wakati ule huku Bara redio ilikuwa moja, Radio Tanzania Dar es Salaam. Magazeti ya kila siku yalikuwa mawili: Uhuru la Chama na Daily News la Serikali. Chama kilikuwa kimoja, CCM, kilichozaliwa mwaka uliotangulia. Hapakuwa na gazeti la kuuliza swali la pili. Kwa hiyo mtu akikuambia "gazeti la wakati ule linaonyesha watu wote waliunga mkono", mwambie asante, lakini twende tukawaulize watu wenyewe.

Nami nilikwenda. Babu yangu niliyemtaja alikuwa utingo wa lori mwaka ule, kijana wa miaka 22. Lori lilikuwa Bedford la tajiri mmoja wa Kilosa, la kubebea magunia ya mahindi. Magari mengi ya watu binafsi yalichukuliwa kwa ajili ya vita, na lile lilichukuliwa Morogoro mwezi Novemba. Dereva akaambiwa, "Wewe na utingo wako mnaendelea nalo." Wakalipaka matope ili lisionwe na ndege, wakapakia askari, wakashika njia: Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, Biharamulo. Mvua zilikuwa kubwa. Babu anasema kazi yake ya vita ilikuwa koleo. Gari likizama, anachimba. Likitoka, linazama tena.

"Babu," nikamwuliza, "ulitaka kwenda?"

"We mtani," akasema, maana babu na mjukuu ni watani, "mimi Kagera nilikuwa sijapata kuiona. Mhaya nilimjua mmoja tu, mwalimu wangu wa darasa la nne, na alinichapa sana. Lakini redio iliposema watu wamechinjwa kule, nilikasirika mpaka nikashindwa kula. Ungeniuliza siku ile ningejibu ndiyo mara mbili."

Msikilize vizuri. Huyu ni mtu wa Kilosa, safari ya siku nyingi kutoka Kyaka, hana shamba kule, hana mke kule. Kijijini kwao mama yake alitoa kuku wawili na debe la mahindi kwa ajili ya askari. Wenye ng'ombe walitoa ng'ombe. Makumi ya maelfu ya mgambo walikwenda pamoja na askari wa kudumu, polisi na magereza. Huwezi kulazimisha hasira ya namna ile. Nchi ambayo ilikuwa na miaka 17 tu ya uhuru ilijigundua kwamba ni moja. Kwa hiyo, swali la kwanza lina jibu: kuikomboa Kagera, wananchi walikubali, na walikubali kweli.

Nikamwuliza swali la pili. "Na Kampala je?"

Babu alinyamaza. Alichukua kiberiti akakigeuza geuza mkononi.

"Kampala hakuna aliyeniuliza," akasema. "Tulipofika Mutukula mpakani mimi nilidhani tunageuza. Dereva naye alidhani tunageuza. Tukaambiwa jazeni mafuta. Tukajaza."

Ndugu zangu, katika habari zote nilizosoma juu ya vita ile, sijakuta maelezo yaliyonigusa kama hayo. Januari 1979 majeshi yetu yaliteka Mutukula, upande wa Uganda. Eneo letu lilikuwa limekwisha rudi mikononi mwetu. Toka hapo vita ikawa kitu kingine. Februari wakachukua Masaka na Mbarara. Machi, pale Lukaya, wakakutana na askari wa Libya walioletwa kumsaidia Amin. Mwishoni mwa mwezi huo huo wapinzani wa Amin walikutana Moshi wakaunda umoja wao, na Yusuf Lule akachaguliwa kuuongoza. Aprili 7 Entebbe, Aprili 11 Kampala. Mwanzoni mwa Juni vijana wetu walikuwa wamefika mpaka wa Sudan. Kutoka Kyaka hadi kule ni kuivuka nchi nzima ya watu.

Je, lilikuwa kosa? Hapa wenzangu wa kijiweni tunagawanyika, na mimi nitasema langu. Upande mmoja kuna hoja nzito. Amin hakukubali kuahidi kwamba hatarudi. Alikuwa ameua watu wake kwa miaka minane. OAU, ambayo ilipaswa kumkemea aliyevamia, haikumlaani. Gaddafi alitupa saa 24 tuondoke, akitishia kuingia vitani. Ukimfukuza chui nyumbani kwako ukamwacha uani, umefanya nini? Na wananchi wa Kampala waliwapokea askari wetu kwa nderemo.

Upande wa pili nao una hoja. Nyerere huyo huyo mwaka 1964, kwenye kikao cha OAU cha Cairo, alikuwa mstari wa mbele kutetea kwamba mipaka iheshimiwe. Mwezi Julai 1979, kule Monrovia, Nimeiry wa Sudan na Obasanjo wa Nijeria walimsema mbele ya wenzake kwamba ameweka mfano mbaya. Majeshi yetu yalikaa Uganda hadi 1981, na amani haikupatikana mapema kama tulivyotarajia.

Mimi naona kwamba ukizitia hoja zote mizanini, pengine kwenda Kampala kulikuwa sawa. Lakini swali langu si hilo. Swali langu ni: mizani ile nani aliishika? Hoja hizi mbili nimezikuta kwenye vitabu, miaka mingi baadaye. Mwaka 1979 hazikuwekwa mbele ya utingo wa Kilosa achague. Alikubali jambo moja akahesabiwa kuwa amekubali mawili. Kuilinda nchi ni ulinzi, na kwenda kubadilisha serikali ya nchi nyingine ni siasa ya nje. Tulisema ndiyo kwa la kwanza, na ndiyo ile ile ikatumika kulipia la pili, kama mtu aliyekupa hela ya daladala ya kwenda Kariakoo, wewe ukaenda nayo hadi Mbagala.

Na malipo yalikuwepo. Vita inakisiwa kuligharimu taifa dola za Marekani milioni 500. Askari waliokufa, kwa hesabu iliyotolewa, ni 373, na wengi wao hawakuuawa na risasi ila kwa ajali na maradhi. Wengi wamelala katika makaburi ya Kaboya, wilayani Muleba. Baada ya ushindi Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18.

Wazazi wetu wanaijua hadithi ya hiyo miezi 18. Iliisha, wakasubiri. Ikaisha tena. Foleni za sukari, foleni za sabuni, mtu anaweka jiwe kwenye mstari usiku ili limshikie nafasi. Kukaja ugali wa unga wa njano, watu wakauita yanga. Mwaka 1983 ukawa wa msako wa wahujumu uchumi. Tuwe wakweli, si vita peke yake iliyoleta hayo: Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika 1977, bei ya mafuta ilipanda 1979, bei ya kahawa ilikuwa imeshuka. Lakini mlalahoi hakusoma takwimu. Yeye aliambiwa miezi 18, akahesabu kwa vidole. Utani ule wa "miezi kumi na minane haijaisha tu?" ndiyo ilikuwa kura yake. Aliipiga kwenye foleni, kwa sauti ya chini, akiangalia nyuma kwanza.

Mwaka 1980 kulikuwa na uchaguzi. Rais alikuwa mgombea mmoja, ndiyo au hapana, na akapata ndiyo nyingi kama kawaida. Lakini wabunge wengi waliokuwa madarakani waliangushwa. Mimi nalitazama jambo hilo hivi: mtu aliyezuiwa kumnung'unikia baba humnung'unikia kaka. Inawezekana nakosea. Kama nakosea, nijibuni katika toleo lijalo.

Nirudi kwa babu. Nilimwuliza swali la mwisho: "Wangekuuliza pale Mutukula, ungesemaje?"

"Hilo ndilo sijui hadi leo," akasema. "Kuna siku nasema ningekubali, maana yule nduli angerudi tu. Kuna siku namkumbuka dereva wangu, nasema ningekataa."

Dereva wake alikufa njiani kati ya Masaka na Lukaya. Ilikuwa usiku, taa za magari zimezimwa kwa amri, lori likapinduka. Babu aliruka. Dereva hakuruka. Hakuwa askari wala mgambo, alikuwa dereva wa mahindi kutoka Kilosa. Walimzika kandokando ya barabara, na babu alichoweza kurudi nacho ni kofia. Kama yumo katika ile hesabu ya 373, hatujui. Babu alinitajia jina lake kamili na la baba yake, akanitaka niliandike. Nimeliandika kwenye daftari langu. Sitalichapisha hapa mpaka niwapate watoto wake, maana hadithi hii ni yao kabla haijawa yangu.

Mtasema, hayo ni ya kale, siku hizi tuna vyama vingi tangu 1992, magazeti kibao, redio kila kona. Ni kweli tumepiga hatua. Katiba yetu, Ibara ya 44, inasema Rais anaweza kutangaza hali ya vita, kisha Bunge liitwe ndani ya siku 14 liamue kama linaunga mkono. Ni jambo jema. Ila angalia vizuri: siku hizi hatutangazi vita. Machi 2008 askari wetu walikwenda Anjouan, Komoro, na Umoja wa Afrika. Mwaka 2013 walikwenda Kongo na Umoja wa Mataifa kupambana na M23. Desemba 2017 walinda amani wetu zaidi ya kumi waliuawa katika shambulio moja huko Kivu Kaskazini, na majeneza yakarudi Dar es Salaam yamefunikwa bendera. Mwishoni mwa 2023 kikaja hicho kikosi cha SADC. Yote hayo si "hali ya vita" kwa lugha ya sheria. Lakini mama aliyepokea jeneza hajui tofauti hiyo.

Sisemi askari wasiende. Wakongo ni ndugu zetu, wanasema Kiswahili kama sisi, na moto wa kwao moshi wake unafika Kigoma. Ninachosema ni kwamba tuulizwe, na tukiulizwa tuwe na cha kujibu. Ubishi wetu wa kijiweni ulikuwa wa aibu, kusema kweli. Watu kumi walikuwa wanapiga kelele na hakuna aliyejua mkataba tuliokwenda nao, wala idadi ya askari, wala muda. Tulikuwa na maoni lakini habari hatukuwa nazo. Kizazi cha babu kilinyimwa swali. Sisi tunaweza kuuliza, ila tumezoea kukaa bila kuuliza. Tangu mwaka 2013 JKT imerudishwa kwa vijana wanaomaliza kidato cha sita, baada ya kusimama tangu 1994. Maana yake ni kwamba gwaride limeturudia. Na swali je?

Kwa hiyo, wenzangu mnaojifunza kuandika, naomba kutoa hoja. Aliyekuwa na miaka 22 Kagera sasa anakaribia 70. Kila mwezi tunawazika. Kila mmoja wenu ana babu, au bibi aliyetoa kuku, au shangazi aliyepanga foleni na jiwe, au jirani mwenye kovu asilolieleza. Nendeni na daftari. Salimuni kwanza, msikurupuke na maswali. Waulizeni mambo mawili tu: ulikuwa unafikiri nini siku ile, na kama ungeulizwa ungesemaje. Mkijibiwa "sijui", andikeni "sijui", maana nayo ni maoni ya mwananchi.

Mimi nilirudi kijiweni wiki iliyofuata nikamwuliza mzee wa kahawa maswali hayo mawili. Aliniangalia kwa muda, akanimiminia kikombe, akasema, "Kaa chini basi. Hiki sikulipishi." Alizungumza mpaka msikiti ukaadhini isha. Aliyoyasema nitayaleta toleo lijalo, akiniruhusu.